Tundu dogo kwenye bomba limenipumzisha kubeba ndoo

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, nauza tangi na samaki wote. Nawapenda, ila ndoo zimenishinda." Nikacheka. Halafu nikakumbuka kwamba miaka sita nyuma ningeweza kuandika maneno hayohayo.

Tangi langu ni la lita 200. Kubadilisha robo ya maji kila wiki ni lita 50, na lita moja ya maji ni kilo moja. Kwa hiyo kila Jumamosi nilibeba kilo 50 kwenda kumwaga na kilo 50 nyingine kurudisha, huku shemeji yangu kajilaza kwenye kochi akiniuliza, "Shemeji, unafuga samaki au umeajiriwa kuteka maji?" Nyumba nzima ikacheka. Mpaka leo nalikumbuka lile swali.

Kilichofuata sipendi kukisimulia. Nikaanza kuruka wiki. Wiki moja, mbili, mwisho miezi. Maji yalionekana safi kabisa, na hapo ndipo tunapodanganyika wengi. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu kwa samaki. Bakteria huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, na kazi hiyo huyatia maji tindikali kidogo kidogo. Bakteria hao nao hudhoofu tindikali ikizidi, na amonia inayoanza kulundikana hubaki katika umbo la amoniamu, ambalo halina ukali sana kwa samaki. Basi siku moja dhamiri ikanisuta, nikabadilisha zaidi ya nusu ya tangi kwa mkupuo. Maji mapya yakapunguza tindikali, amoniamu ikarudi kuwa amonia. Asubuhi samaki malaika wangu wawili, niliowalea tangu wakiwa wadogo kama kucha, walikuwa wanaelea. Niliwaua kwa kuwasafishia nyumba. Wewe unayesema "nitabadilisha mengi mwisho wa mwezi", rudia kusoma sentensi hiyo.

Ndipo nikaanza kutengeneza vifaa. Cha kwanza kilikuwa mpira wa maji na mdomo wangu, kama wanaonyonya petroli. Nilichomeza siku ile sitakitaja. Cha pili kilikuwa chupa ya plastiki niliyoikata kitako na kuifunga kwenye ncha ya mpira, mdomo mpana ukitazama chini. Hiki kilikuwa kizuri kweli: ndani ya chupa maji hupanda taratibu, hivyo uchafu hunyanyuka na kwenda zake, changarawe ikaruka kidogo na kurudi chini. Bado ninacho.

Ila mpira ulihitaji mlinzi. Jioni moja simu ikaita, nikageuka, ncha ya mpira ikachomoka kwenye ndoo. Niliporudi zulia lilikuwa limeloa mpaka chini ya kabati, na hita ya tangi ilikuwa imebaki hewani ikiendelea kuwaka. (Chomoa hita kabla ya kugusa maji. Kila mara.)

Siku mbili baadaye nikapata wazo ambalo, naomba mniruhusu nijisifu, sikufundishwa na mtu. Nilichukua bomba la PVC na viwiko, nikaunda ndoano inayokaa kwenye ukingo wa kioo: mguu mmoja ndani ya maji, mwingine nje ukiwa na koki na mpira mrefu unaofika bafuni. Sitakuchosha na habari za kukata na kugundisha. Ila viungo vya juu visipitishe hewa, na gundi ikauke kabisa kabla bomba halijaingia majini. Siri iko kwenye mguu wa ndani. Pale ninapotaka maji yakome kushuka, nilitoboa tundu la milimita 4. Maji yakifika hapo, hewa inaingia, mvuto unakatika wenyewe. Jaribu kwanza ukiwa umesimama hapo hapo: tundu likiwa dogo mno kwa bomba lako, litakoroma tu na maji yataendelea kushuka. Liongeze kidogo. Na ncha ya mpira lazima iwe chini kuliko tundu, la sivyo maji yatakoma kabla hayajafika hapo.

Sasa naweza kupokea simu.

Kurudisha maji ni pipa na pampu ndogo ya kuzamisha. Pipa lisiwe limewahi kuguswa na sabuni. Maji ya bomba yakikaa wazi saa 24 klorini nyingi huondoka, lakini kama mamlaka yenu ya maji inatumia kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia), kusubiri hakusaidii, tia dawa ya kuondoa klorini na kloramini. Joto lilingane na la tangi. Na ncha ya mpira wa kujazia iache juu ya maji. Mimi niliizamisha, nikazima pampu, nikashangaa tangi linarudi lote kwenye pipa lililokuwa sakafuni. Mvuto ni uleule, umegeuka tu.

Tuambiane ukweli, wafugaji wenzangu. Hatuachi kubadilisha maji kwa kutojua umuhimu wake. Tunaacha kwa sababu kazi inauma mgongo, halafu tunatafuta dawa, tunalaumu muuzaji, tunalaumu chakula. Nilijiapiza mara ngapi kwamba "kuanzia Jumamosi hii"? Kiapo hakikubeba hata ndoo moja. Bomba lenye tundu limebeba zote.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyeandika, kabla hujauza tangi pima urefu kutoka ukingo wa kioo hadi pale unapotaka maji yakome, ukatoboe. Ningekuazima bomba langu la kwanza ulitumie kama mfano, lakini liko kwa shemeji. Amenunua tangi mwaka jana, akaliomba "kwa wiki moja".