Maswali ya Wasomaji: Maji machafu ya nyumbani na mto

Maji ya kuoshea vyombo tunayamwaga kwenye mtaro ulio mbele ya nyumba. Mto uko kama kilomita moja. Yana madhara?

Yanayo. Mtaro ule ulichimbwa kwa ajili ya mvua, na kwa kawaida maji ya mvua huishia mtoni bila kusafishwa popote. Umbali hausaidii: mvua moja kubwa husomba yote yaliyoganda mtaroni. Kibaya zaidi humo ni mafuta na mabaki ya chakula. Bakteria wa majini huyala, na kadiri wanavyokula ndivyo wanavyomaliza oksijeni ambayo samaki anaihitaji. Tope la mtoni likinuka kama yai viza, ujue kule chini oksijeni imekwisha.

Anzieni kwenye sufuria. Kwangueni masalia, kisha futeni mafuta kwa karatasi kabla maji hayajagusa chombo. Mafuta ya kukaangia yakipoa, yatieni kwenye chupa yenye kifuniko mtupe pamoja na taka, kamwe si kwenye sinki.

Kisha tengenezeni mtego wa mafuta. Chukueni ndoo ya lita 20 yenye kifuniko. Bomba kutoka kwenye sinki liingie karibu na ukingo wa juu. Tundu la kutokea liwe upande wa pili, chini kidogo ya lile la kuingilia. Ndani ya tundu hilo la kutokea fungeni kiungo cha T: mguu wake mmoja ushuke hadi ubakize sentimita 10 kufika chini, wa juu ubaki wazi. Jazeni maji safi kabla ya kuanza. Mafuta yataelea, makombo yatazama, na maji ya katikati peke yake ndiyo yatakayotoka kwenda kwenye shimo lililojazwa kokoto, mbali na msingi wa nyumba.

Wengi huharibu hapo kwenye T. Wanaiacha, wanachomeka bomba moja kwa moja, na utando wote wa mafuta unatoka nao. Kosa jingine ni kumwaga maji ya moto: huyeyusha mafuta yaliyokwisha kuganda, yakapita, kisha yakaganda upya ndani ya shimo na kuziba kokoto. Choteni utando huo wa mafuta kila wiki. Ukiachwa, huoza, na harufu yake ndiyo inayowafanya watu waing'oe ndoo.

Nikitumia sabuni iliyoandikwa kuwa inaoza, naweza kufulia mtoni?

Hapana. Kuoza kwenyewe kunataka bakteria na muda, na udongo una vyote viwili. Ukiitia moja kwa moja mtoni, huondoa ute unaolinda matamvua ya samaki kabla haijavunjika. Chota maji, fulia angalau mita 60 kutoka ukingoni, na umwage kwenye nyasi, kila mara mahali tofauti. Chagua sabuni isiyo na fosfeti, kwani fosfeti ni mbolea ya mwani. Na upime! Sabuni ikizidi kipimo, nguo haitakati zaidi.

Choo cha shimo kikae umbali gani?

Angalau mita 30 kutoka mto au kisima, na sakafu ya shimo ibaki mita 1.5 au zaidi juu ya maji ya ardhini. Pimeni kina hicho msimu wa mvua. Kiangazi kinadanganya, kwa kuwa maji huwa yameshuka. Wenye tangi la maji taka, litapisheni tope likifika theluthi moja ya kina. Msimwage klorini nyingi humo, itaua bakteria wanaofanya kazi.

Dawa zilizopitwa na muda?

Zirudisheni famasi kama inazipokea. Isipopokea, zitoeni kwenye pakiti, changanyeni na majivu au udongo, fungeni kwenye mfuko, tupeni na taka. Chooni hapana, hata kidonge kimoja, kwa sababu mitambo mingi ya maji taka haikuundwa kuchuja dawa.

Bustani yetu inafika ukingoni kabisa. Mvua ikinyesha mto unakuwa mwekundu.

Huo ni udongo wenu unaoondoka, pamoja na mbolea mliyoinunua. Acheni kulima ukanda wa mita 10 kando ya maji. Pakiwa finyu, hata mita 5 ni afadhali. Nyasi ndefu na matete viote humo, maana mashina yake hupunguza kasi ya maji na tope hutua kabla ya kufika mtoni. Matuta yaliyobaki yakingame na mteremko. Samadi rundikeni upande wa juu, mbali na mto, na muifunike. Msiimwage siku ambayo mawingu yamekwisha kutanda.