Maswali ya Wasomaji: Ada Ilifutwa, Mbona Mtoto Bado Yuko Nyumbani?

SWALI: Mhariri, mimi ni mlinzi wa usiku hapa Ngarenaro, Arusha, lakini nyumbani kwetu ni Longido. Binti wa marehemu kaka yangu amefaulu darasa la saba na amepangiwa sekondari ya kutwa iliyo zaidi ya kilomita 20 kutoka bomani. Wazee wengine wanasema apangishiwe chumba senta pamoja na wenzake. Wengine wanasema msichana asiachwe peke yake senta, ni afadhali aolewe. Nikiwaambia kwamba mshahara wangu hautoshi chumba, unga, mafuta na sare, wananijibu kwamba shule siku hizi ni bure. Nifanyeje? – Mlinzi, Ngarenaro.

JIBU: Ndugu yetu, hesabu yako ni sahihi, na wanaokuambia kwamba shule ni bure wameusikia waraka mmoja wakaukosa wa pili. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ndio uliofuta ada kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne, na utekelezaji ukaanza Januari 2016. Kwa shule ya kutwa ada hiyo ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Waraka Na. 3 wa mwaka 2016 ukaja kueleza mambo yanayobaki mikononi mwa mzazi, yakiwemo sare, madaftari, matibabu na chakula cha mwanafunzi wa kutwa. Mzazi wa Njiro ambaye shule iko ng'ambo ya barabara, na ambaye mtoto wake anarudi kula nyumbani, kweli alipunguziwa mzigo. Boma la Longido liliondolewa kile kilichokuwa chepesi kuliko vyote, likaachiwa umbali.

Tofauti hiyo haikuanza jana. Huko Kilimanjaro misheni zilifungua shule tangu miaka ya 1890, na kahawa ikawapa wazazi fedha za kuzijaza watoto. Wakulima wa huko walikuwa na chama chao cha kahawa tayari mwaka 1925. Wafugaji wa Kimaasai wa kwenu Longido, wanaohama na mvua, hawakuweza kuusubiri mwaka wa masomo mahali pamoja, na ukame kama ule wa mwaka 2022 bado unazihamisha familia katikati ya muhula. Nalisema hili kwa sababu nimechoka kusikia mjini kwamba Wamaasai hawapendi shule. Wewe unakesha getini kwa ajili ya mtoto ambaye hukumzaa.

Sasa tuje kwenye la kufanya. Kabla ya kulipia chumba, nenda shuleni ukaulize kama kuna bweni au hosteli, hata ile iliyojengwa kwa nguvu za wananchi. Kama haipo, omba kwa maandishi uhamisho kwenda shule ya bweni, ukitaja umbali na kwamba binti ni yatima, na barua hiyo ipite kwa Afisa Elimu Kata na kwa mkuu wa shule hadi halmashauri. Geto, yaani chumba cha kupanga senta, liwe la mwisho kabisa. Wasichana watatu wanaojipikia wenyewe senta, bila mtu mzima, huangukia mikononi mwa yeyote mwenye pikipiki na elfu mbili ya chipsi; ikibidi akae senta, mtafutie mama mwenye nyumba unayemfahamu, mkubaliane malipo ya chakula.

Kuhusu ndoa, wazee wajue kwamba marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yanamtishia kifungo cha miaka 30 mwanamume anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari. Aidha, Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani iliunga mkono hukumu ya kesi aliyoifungua mwanaharakati Rebeca Gyumi, kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vilivyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 vinakiuka Katiba. Hata hivyo nisingekushauri uanzie polisi. Anza kwa laigwanani, kiongozi wa mila wa Kimaasai, ikiwezekana ukifuatana na mwalimu aliyemfundisha binti huyo, kwa kuwa ukoo ukishaaibishwa mbele ya askari, yule atakayelipa ni msichana.

Jambo moja zaidi, ambalo watu hulisahau. Binti huyu alianza na Kimaasai nyumbani, akafundishwa kwa Kiswahili miaka saba, na sasa masomo yote yatakuwa kwa Kiingereza. Atakaa dawati moja na watoto waliotoka shule za mchepuo wa Kiingereza, ambao lugha hiyo waliianza chekechea. Wiki za mwanzo za kidato cha kwanza hutumika kwa kozi ya kuwaandaa wanafunzi katika lugha hiyo, na mtoto anayeripoti mwezi Machi kwa kukosa sare huwa ameikosa yote. Mpeleke Januari na sare yake ya shule ya msingi. Serikali imeshaagiza zaidi ya mara moja kwamba mwanafunzi asirudishwe kwa sababu ya sare, na mkuu wa shule anajua hivyo.

SWALI: Mhariri, kama umenizidi umri shikamoo, na kama nimekuzidi marahaba. Mjukuu wangu alipata mimba mwaka jana akiwa kidato cha pili. Mtoto ana miezi mitano na mama yake anataka kurudi shule, lakini jirani yangu, mwalimu mstaafu, anasema aliyejifungua hapokelewi. Ni kweli? – Bibi wa Pasua, Moshi.

JIBU: Shikamoo, bibi. Jirani yako anakumbuka vizuri yaliyokuwapo, ila yamebadilika. Mwaka 2017 Rais wa wakati ule alitamka hadharani kwamba aliyepata mimba hatarudi katika shule ya serikali, na tamko hilo lilifuatwa hadi tarehe 24 Novemba 2021, Waziri wa Elimu wa wakati huo, Profesa Joyce Ndalichako, alipotangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwemo waliojifungua, wanaruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi. Waraka wake ni Na. 2 wa mwaka 2021. Utaje kwa namba ukifika shuleni. Muda uliowekwa ni miaka miwili tangu alipoacha, kwa hiyo msingoje mtoto atembee. Kama anaona haya kurudi kwa wenzake wa zamani, ombeni shule nyingine.

Waraka, hata hivyo, hauleti mlezi. Atakayebaki na kitoto kuanzia alfajiri hadi jioni ni wewe, nawe sijui magoti yako yakoje. Mkiona haiwezekani, ulizieni Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima au Chuo cha Maendeleo ya Wananchi kilicho karibu. Vyuo hivi vilianzishwa miaka ya 1970 kwa kufuata mfano wa Sweden, na baadhi yake vina chekechea ambako mama huacha mtoto akaingia darasani. Kuhusu aliyempa mimba hukuandika, nami sitakuuliza humu gazetini.

SWALI: Mwanangu ana miaka tisa, haoni, na hajawahi kwenda shule. Ni kweli kwamba hakuna shule inayomfaa mkoa huu? – Baba, Kibosho.

JIBU: Si kweli. Shule ya Msingi Mwereni, hapo hapo mjini Moshi, inawafundisha watoto wasioona pamoja na wanaoona, na wasiosikia wana shule yao Mwanga. Walimu wa elimu maalumu wanaandaliwa Chuo cha Ualimu Patandi, Tengeru. Nenda kwanza kwa ofisa wa elimu maalumu wa halmashauri yako, na usiende na karatasi tu: mchukue mtoto mwenyewe, waongee naye.