Masomo na Kazi: Nisome PhD ya jinsia na siasa?

SWALI: Nimemaliza masta ya sayansi ya siasa na nataka PhD ya uwakilishi wa wanawake bungeni, ila jamaa zangu wananicheka eti idadi ya viti inajulikana tayari, sa unatafiti nini? Na kazi ipo kweli?

JIBU: Waache wacheke. Kuhesabu viti ndo mwanzo tu, maana Hanna Pitkin, mtaalamu wa nadharia ya siasa, alishatenganisha tangu 1967 kati ya kufanana na unaowawakilisha na kuwatetea kwa vitendo, na hapo katikati ndipo utafiti ulipo. Rwanda mwaka 2008 wanawake walivuka nusu ya wabunge, nchi ya kwanza duniani, sawa, ila je sheria gani zilibadilika kwa sababu yao na zipi zingepita tu hata bila wao? Hilo halijibiwi kwa asilimia, unakaa na hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya bunge, unasoma nani kaongea, nani kakatizwa, marekebisho ya nani yameingia kwenye muswada, kazi inachosha macho kwelikweli. Au angalia Argentina, sheria yao ya 1991 ilitaka asilimia 30 ya wagombea wawe wanawake tena kwenye nafasi zenye uwezekano wa kushinda, manake ukiacha hilo chama kinawarundika mkiani mwa orodha yake ya wagombea, ambako hawashindi.

Kazi sasa. Nafasi zenye jina la "jinsia" ni chache, sikufichi, kwa hiyo jifunze takwimu vizuri na uweze kufundisha siasa linganishi (kulinganisha siasa za nchi mbalimbali) kwa ujumla, wengi wanaajiriwa kwa mlango huo.