Joto la Mtwara si joto la Ibri

Simu hunijia kila familia nyingine ya huku kwetu inapofunga mizigo kwenda Omani. Mara nyingi baba ni fundi aliyeshika ujuzi kwenye mitambo ya gesi, Madimba au Songosongo, amepata mkataba, na mama anataka kujua abebe nini. Nikigusia joto, jibu ni lilelile: "Ah, joto si tumezaliwa nalo!" Simlaumu mtu. Nami nilijibu hivyohivyo, na nikaadhirika.

Tulikaa Ibri miaka minne. Ni mji wa bara, karibu kilomita 300 kutoka Maskati, milima upande mmoja na jangwa upande wa pili. Barabara ya kwenda Saudi Arabia kwa kukata jangwa la Rub al-Khali, iliyofunguliwa Desemba 2021, inapitia pande hizo. Bahari hakuna. Mtu wa Mikindani kulala mahali ambapo hasikii hata harufu ya bahari, hilo nalo ni somo peke yake, lakini tuanze na joto.

Kosa la kwanza lilikuwa mwezi. Tuliondoka Juni. Juni ya Mtwara mnaijua: upepo wa kusi unavuma, watoto wanalalamikia maji ya kuoga ya asubuhi. Kule Juni ndiyo kilele cha kiangazi, na mchana joto hupita nyuzi 45. Majira yao yako kinyume na yetu, kwa hiyo tulitoka kwenye wiki za baridi tukatumbukia kwenye wiki mbaya kuliko zote bila hata siku moja ya kuzoea. Mwajiri akikupa nafasi ya kuchagua, omba familia ifike Oktoba au Novemba. Baba atangulie, nyie mfuate.

Kosa la pili ndilo lililotaka kutuulia mtu. Joto la kwetu lina maji ndani yake. Ukipanda ngazi mbili mwezi wa Januari, jasho linatiririka mgongoni, shati linagandana na mwili, unajua kabisa kwamba unapoteza maji, unatafuta dafu. Joto la jangwani ni kavu, na jasho hulioni. Linatoka, tena jingi kuliko la hapa, ila hewa inalinyonya kabla halijawa tone. Ngozi inabaki kavu, nawe unajiambia "mbona sitoki jasho, huku kuzuri kumbe!" Ijumaa ya pili tangu tufike, baba watoto alitoka saa tano asubuhi kuosha gari. Dakika arobaini tu. Akarudi anasema kichwa kinamgonga, akakataa chakula, akatapika, akaanza kunijibu maneno yasiyo na mpangilio. Shati lake la bluu lilikuwa kavu kama limetoka kupigwa pasi, lakini mgongoni na makwapani kulikuwa na mistari myeupe imechora kama ramani. Nikalamba kidole nilichogusisha pale. Chumvi tupu.

Alitundikiwa dripu, akapona. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu haikuwepo habari ya kungoja kiu. Kiu huja imechelewa. Tuliangalia mkojo: ukiwa wa njano hafifu, kama nyasi kavu, uko sawa, ukianza kufanana na chai ya rangi, kaa kivulini unywe. Maji matupu nayo hayatoshi kwa mtu anayefanya kazi nje, maana chumvi imetoka pia, kwa hiyo wekeni pakiti za ORS jikoni kama mnavyoweka majani ya chai. Na mkimwona mtu aliyepigwa na joto kaanza kuchanganyikiwa au anayumba, msimtafutie panadoli. Mtoeni juani, mlowesheni maji mwili mzima, mpepeeni, na muwahi hospitali, kwa sababu hapo dakika zinahesabika.

Kazini kuna utaratibu, na baba asikubali kuonewa aibu kwa kuufuata. Kuanzia Juni hadi Agosti sheria ya Omani inazuia kazi za juani kati ya saa sita na nusu na saa tisa na nusu mchana. Mwili wenyewe unahitaji kama wiki mbili kulizoea joto: siku za mwanzo punguza kazi nzito, kisha unaongeza taratibu. Vijana wetu wana tabia ya kutaka kuonyesha nguvu wiki ya kwanza ili bosi awaone. Bosi atawaona, ndiyo, wakibebwa.

Sasa nyumba, maana mama ndiye atakayeishi nayo.

Asubuhi ya kwanza nilifungua bomba nimuogeshe mdogo, akapiga yowe. Nikadhani nimefungua la moto. Nikafungua la pili, nalo vilevile. Tangi liko juu ya paa, limechomwa jua tangu alfajiri, na maji yanayoitwa baridi unaweza karibu kukorogea uji. Siku tatu tulioga usiku wa manane. Aliyetuokoa ni bibi wa nyumba ya jirani, Mwomani aliyezaliwa Tabora, Kiswahili chake cha zamani na kitamu kuliko changu. Alinisikia nafoka na watoto uani, akaita ukutani: "Mwanangu, zima hita!" Nikamwambia bibi, nimeshaizima, maji yenyewe ndiyo ya moto. Akacheka, akaja mwenyewe. Hita ya bafuni iko ndani ya nyumba, kwenye hewa ya kiyoyozi. Ukiizima kabisa kiangazi chote, inakuwa birika kubwa la kupoza: maji yaliyolala humo yanapoa, nawe unaoga kwa bomba la moto. Yaani kiangazi bomba la moto ndilo la baridi, na la baridi ndilo la moto. Hilo hamtalikuta kwenye karatasi yoyote ya mwajiri.

Bibi huyohuyo alinifundisha kutumia ukavu badala ya kupigana nao. Hapa Mtwara ukilowesha khanga ukajifunika, inabaki chepechepe na wewe unabaki na joto lako. Kule khanga mbichi ukiitundika mbele ya dirisha lenye upepo, chumba kinapoa. Ukijifunga shingoni unasikia baridi mpaka unashtuka. Kwa sababu hiyohiyo mtungi wa udongo unapoza maji kwelikweli. Wao wanatundika vyungu vidogo, wanaviita jahla, na udongo wa Bahla, mji ulio njiani kwenda Nizwa, unasifika kwa kazi hiyo. Feni peke yake, bila kitu kibichi, mchana wa Julai inakupulizia moto wa tanuri. Msiwanunulie watoto feni mkadhani mmebana bili.

Ukavu una madeni yake. Mtoto wa pili alianza kutokwa damu puani wiki ya kwanza, mto umejaa damu, nikalia. Ni hewa tu, inapasua ngozi laini ya ndani ya pua, na kiyoyozi kinazidisha. Mwinamishe mtoto mbele, si nyuma, ubane sehemu laini ya pua dakika kumi bila kuchungulia. Usiku mpake mafuta kidogo puani na uache beseni la maji chumbani. Midomo na visigino vitapasuka pia, hata vya kwako wewe uliyekuwa ukiwacheka watu wa bara. Upande wa faida, nguo unaanika, ukimaliza kamba ya pili, ya kwanza imeshakauka.

Gari liheshimuni. Kitasa, usukani, na hasa kile chuma cha mkanda vinaunguza kama kikaango. Mtoto wangu alibaki na alama pajani. Funikeni viti kwa kitambaa. Kiberiti cha gesi, dawa na simu visiachwe ndani. Mtoto ndiyo kabisa, hata kama unaingia dukani kuchukua mkate. Tairi kuukuu hupasuka kwenye lami ya moto, kwa hiyo mnaponunua gari la mtumba msomeni tairi tarakimu nne za mwisho ubavuni: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa.

Nalo jangwa, amini usiamini, lina mafuriko. Sisi tuliobaki njia panda Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Somanga, tunajua maji yakija yanakuja. Ila kwetu unaona mawingu, unaona mvua. Kule kuna wadi, mikondo ya mito mikavu inayokatiza barabara, mchanga na changarawe, mtu anaona pahala pazuri pa kutandika mkeka. Mvua inanyesha milimani huko mbali, wewe juu yako ni samawati tupu, mara unasikia mngurumo. Msikae ndani ya wadi siku yenye wingu lolote upande wa milima, na maji yakiwa yanapita msivuke kwa gari, hata Waarabu wenyewe wakivuka mbele yenu. Polisi huwashtaki wanaovuka, na wana haki.

Nimeandika sana kuhusu joto la mwili. Kuna jingine.

Visa ya familia haikuruhusu kufanya kazi. Mimi nilikuwa na duka la vitenge, nimezoea kubishana bei kutwa, na ghafla niko ndani ya kuta nne na mlio wa kiyoyozi, mapazia yamefungwa, baba yuko porini kwenye visima wiki mbili mfululizo. Mwezi wa kwanza niliosha vyombo visivyo na uchafu. Hii ndiyo sehemu ambayo wanawake wananiuliza kwa sauti ya chini, nami nawajibu kwa sauti ya juu: inauma, na haina uhusiano na kutopenda mume. Kilichonisaidia ni kugeuza siku. Kiangazi watu wa kule wanalala mchana na kuishi usiku. Saa nne usiku bustani imejaa familia, mikeka, birika za kahawa, tende, watoto wanakimbizana. Mimi nilikuwa nawalaza wangu saa mbili kama niko Shangani ya Mtwara, halafu nalalamika kwamba mji hauna watu! Tokeni usiku. Salimieni kwa Kiswahili bila haya, kwa sababu wengi waliorudi kutoka Afrika Mashariki tangu 1970, Sultani Qaboos alipoingia madarakani na kuwaita, wamezeeka na lugha yetu mdomoni, na hawajapata wa kuongea naye. Mkialikwa, nenda hata kama una mafua.

Saa nazo ziulizeni mara mbili. Mwarabu akikuambia saa nne anamaanisha ile ya mshale; bibi wa Tabora akikuambia saa nne ni yetu ya asubuhi. Tulikosa kliniki mara mbili kwa ujinga huo.

Vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa viandaeni hapahapa mapema, kwanza RITA, kisha mihuri ya Wizara ya Mambo ya Nje na ubalozi, maana kutafuta karatasi ya Dar ukiwa Ibri ni kazi ya mwaka. Mkataba upitie TaESA, chombo cha serikali cha huduma za ajira, na pasi ya kusafiria ikae mkononi mwenu. Fedha: riali moja ina baisa 1000, na mkizidisha kila mkate kwa shilingi hamtakula. Shule ulizeni ada kabla ya kusaini mkataba. Kwa ndugu zangu Wakristo, makanisa yako miji mikubwa kama Maskati, kwa hiyo Jumapili nyingi mtasali nyumbani, na isitoshe Jumapili ni siku ya kazi. Mapumziko yao ni Ijumaa na Jumamosi.

Chakula hakitawasumbua. Mchele ni wao, samaki wanaletwa na barafu, na papa mkavu yupo sokoni, ananuka vilevile kama wa Feri. Ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, visahauni. Korosho mtazikuta madukani kwenye paketi safi zilizoandikwa India, nami kila nikiishika moja nilijiuliza kama haikutoka Newala ikiwa na ganda, ikazunguka bahari nzima kuja kunikuta. Bei yake ilinikera kila mara.

Kwa hiyo begi lenu liwe na nafasi. Khanga za pamba, si za nailoni, nyingi. Mafuta ya nazi. Sweta moja kwa kila mtu, msicheke, usiku wa Januari jangwani unatetemeka. Na mkipangiwa Ibri, niambieni kabla hamjapanda basi la Dar. Bibi yangu wa ukutani bado yupo, hupiga simu kila Idi, na kila mara huuliza kama kuna mtu anakuja. Anataka korosho kilo mbili, zilizokaangwa bila chumvi. Presha.