Sahani ya galaksi haipimwi kwa mzunguko

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma kidato cha sita hapa Kigoma. Nimechukua kasi ya Jua kuzunguka kitovu cha galaksi, kilomita 230 kwa sekunde, na umbali wa miaka ya nuru 26,000, nikapata tungamo la majua bilioni 100. Hilo ndilo tungamo la sahani, yaani lile bapa la nyota na gesi la galaksi yetu? Pia, kuna mtu mtandaoni anauza bangili anazosema zina maada giza, ile isiyoonekana bali hujulikana kwa mvuto wake tu. Nimwamini?

JIBU: Marahaba. Hesabu haina kosa, ila jibu umelipa jina lisilo lake. Ulichopima ni kila kitu kilichomo ndani ya njia ya Jua: sahani, uvimbe wa katikati, na maada giza iliyotanda pande zote, juu na chini. Kosa hili nalisahihisha kila mwaka, na kila mwaka linarudi na sare mpya.

Wengine hukimbilia kuhesabu nyota. Huko ni sawa na kusimama Ujiji usiku, ukahesabu karabai ziwani, kisha ukatangaza umejua dagaa waliomo mitumbwini. Gesi hukuiona, nyota zilizozimika hukuziona.

Sahani hupimwa kwa nyota zinazopanda na kushuka. Nyota ikipenya sahani na kupaa juu yake, sahani huivuta irudi. Sahani ikiwa nzito, nyota ya kasi ileile haifiki mbali. Mwanaastronomia Jan Oort alilifanyia kazi hilo mwaka 1932. Linataka subira: ukichanganya nyota changa, ambazo bado hazijatulia, na za zamani, utapata jibu la ajabu. Mwaka 1984 mwanaastronomia mwingine, John Bahcall, alikadiria kwamba nusu ya maada ya jirani yetu haionekani. Mwaka 1989 wenzake Kuijken na Gilmore wakapima upya, wakaona sahani haihitaji maada giza ya kwake. Leo tuna vipimo vya Gaia, chombo cha angani cha kupima mahali na mwendo wa nyota, kilichorushwa mwaka 2013. Mchemraba wenye upande wa miaka ya nuru 10 hapa jirani una tungamo la majua 3 hivi, na maada giza ni kama sehemu moja tu ya kumi.

Sasa huyo wa bangili. Kwa kipimo hichohicho, maada giza iliyomo ndani ya Dunia nzima kwa wakati wowote haifiki kilo moja, nayo hupita bila kushikika. Mwambie akuoneshe mzani wake kwanza. Na hao wanaouza maji ya sayari na mawe ya nyota, waulize hivyohivyo: ulipimaje?