Kutikiswa na kutetemeka

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza neno tetemeko lilitoka wapi, na kama mwenzako wa kazini yuko sahihi anaposema zilzala ndilo fasaha. Zilzala ni la Kiarabu. Sura ya 99 ya Kurani inaitwa Az-Zalzala. Tetemeko ni letu la Kibantu, limetokana na kutetema. Yasikilize yote mawili: zil-zal, te-te. Waganda nao husema musisi, Mnyarwanda akishikwa na baridi anatitira. Nimekuambia tangu u mdogo: maneno haya mwili ndio ulioyatunga, ulimi uliyapokea tu. Mtu mwenye homa meno yake husema hiyohiyo te-te.

Ila linalonikaa mimi rohoni ni kutikiswa na kutetemeka. Kinachotikiswa kina mtikisaji: mwembe hutikiswa na mtoto anayetaka embe. Anayetetemeka hana wa kumsingizia.

Jumamosi ile ya tetemeko la Kagera, tarehe 10 Septemba 2016, wewe ulikuwa chuoni. Baadaye walitangaza kipimo cha 5.9. Mimi nakumbuka vikombe vikilia kabatini, vumbi la tofali likishuka, kisha nimo uani, nimesimama chini ya mgomba. Mama yangu, bibi yako, yumo ndani.

Miaka yote nimesema miguu ilinitoa yenyewe, ardhi ilinitikisa. Hapana, miguu haina akili yake. Lakini kwa muda mfupi vile, nani angefikiri? Mama angefikiri, ndiyo shida.

Niliporudi nilimkuta ameshika mwimo wa mlango. Nikamwambia, "Mama, limepita." Akaitazama mikono yangu, akasema, "Kwako bado." Na kweli, vidole vyangu vilikuwa vikitetemeka, vyake vimetulia tuli. Hakuligusa tena jambo hilo mpaka alipotuaga. Ningependa angeligusa, hata kwa ukali.

Mwambie mwenzako zilzala ni Kiswahili pia, limekaa pwani zamani sana, asilinyanyase tetemeko kwa ajili yake. Lipi bora? Nimeliandika jibu mara mbili nikalifuta. Mwili ndio uliotunga yote mawili, basi nisibague. Ila kwa siku ile, mwanangu, sina neno lingine.

Ufa wa juu ya mlango ule bado upo. Fundi amekuja mara mbili na saruji yake, nikamrudisha.

Baba yako