Umri kwanza, mizani baadaye: kwa wageni wa kazi ya kuwapima watoto kwenye vituo vya malezi Mombasa

Ukitumwa kwa mara ya kwanza kwenye kituo cha kulelea watoto, iwe Kisauni, Likoni au Changamwe, utatamani kutoa mizani mkobani mara tu ukifika. Ngoja. Makosa mengi ya kazi hii huanzia kwenye umri ulioandikwa vibaya, maana chanjo, chati ya ukuaji na maswali ya makuzi vyote hufuata umri.

Mama akikwambia "anaingia wa tatu", mtoto ametimiza miaka 2, hajafika 3. Ukiandika 3, mtoto asiye na tatizo lolote ataonekana amechelewa kusema, na mama atarudi nyumbani na wasiwasi wa bure. Wengine watakutajia mwezi wa Kiislamu: "Nilimzaa Mfungo Sita." Huo ni mwezi wa Maulidi, lakini mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11, kwa hiyo Mfungo Sita wa miaka 3 iliyopita haukuangukia tarehe hizi za sasa, umesogea kama mwezi mzima. Omba kitabu cha kliniki au cheti cha kuzaliwa, unakili tarehe kamili. Aliyezaliwa kabla ya siku zake mpunguzie wiki hizo mpaka atimize miaka 2: mwenye miezi 12 aliyewahi kwa wiki 8, muulizie mambo ya mtoto wa miezi 10. Ridhaa ya mzazi nayo iwe mkononi kabla ya siku ya kupima. Sahihi ya mlezi wa kituo haitoshi.

Nenda saa tatu asubuhi, watoto wakishakunywa uji. Ikifika saa sita joto limepanda na nusu yao wanasinzia, na mtoto mwenye usingizi hakuonyeshi anachokiweza. Robo saa ya kwanza kaa nao mkekani utazame tu: nani anatembelea vidole vya miguu, nani hageuki akiitwa, nani anatumia mkono mmoja kwa kila kitu. Anza na michezo na picha, kisha macho na masikio, halafu mwili. Kinywa kiwe cha mwisho. Mtoto mmoja akilia mapema, kilio huenea chumba kizima na asubuhi yako imekwisha.

Kwa masikio, zima pangaboi kwanza, funga mlango wa barabarani. Simama nyuma ya mtoto, umbali wa mkono ulionyooshwa, ziba sikio moja, useme kwa kunong'ona "paka", "mpira", "kikombe", naye aoneshe picha. Angalia kivuli chako kisitangulie mbele yake, na pumzi yako isimguse shingoni, la sivyo atageuka kwa kuhisi, si kwa kusikia. Sikio linalotoka usaha halingoji kipimo, andika rufaa.

Macho tunayapima kwa kadi ya herufi E inayogeuzwa, kuanzia miaka 3. Beba kamba uliyoikata kwa urefu wa kadi yako, mara nyingi mita 3, kwa sababu kukisia kwa hatua hukosesha. Mfundishe mtoto mchezo huo karibu, macho yote mawili yakiwa wazi, ndipo umrudishe kwenye mstari. Jicho lizibwe kwa kiganja: vidole huacha nafasi, na watoto huchungulia. Ukiona weupe ndani ya mboni, usiendelee na kadi. Mtoto huyo aonwe hospitali haraka, kwani huenda ni saratani ya jicho.

Utepe wa MUAC, yaani wa kupima mzunguko wa mkono wa juu, unaonekana rahisi, ndiyo maana unakosewa sana. Ni wa miezi 6 hadi 59. Mkono wa kushoto, bila nguo. Kunja kiwiko, tafuta ncha ya bega na ncha ya kiwiko, weka alama ya kalamu katikati, kisha uache mkono uning'inie wenyewe ndipo upime. Ukivuta mpaka ngozi ibonyee utamwandikia utapiamlo asiokuwa nao. Ukilegeza utampita mgonjwa. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, aende kituo cha afya siku hiyohiyo. 11.5 hadi 12.4 ni njano. Kisha bonyeza kwa dole gumba juu ya miguu yote miwili, ukihesabu polepole hadi tatu. Vishimo vikibaki pande zote mbili, rufaa ni siku hiyo hata kama utepe umesema kijani, na uzito wake usikudanganye, ni maji.

Mizani iwekwe juu ya sakafu ngumu iliyo sawa, si mkekani wala mchangani. Urefu: chini ya miaka 2 alazwe, kuanzia 2 asimame. Aliyesimamishwa badala ya kulazwa, ongeza sentimita 0.7. Nywele zilizofungwa shungi zifunguliwe.

Kwenye kusema, kuwa makini zaidi. Mtoto anayesikia Kigiriama au Kidigo nyumbani na Kiswahili kituoni ana maneno ya lugha zote mbili, hesabu yote. Akifika miaka 2 tunatarajia aunganishe maneno mawili, kama "nipe maji". "Sitaki" peke yake ni neno moja, ingawa limebeba mengi. Asiyeonyesha kitu kwa kidole kufikia miezi 18, au aliyekuwa akisema kisha akaacha, wa umri wowote, usimwambie mama "atakua tu". Maneno hayo yamewapotezea watoto miaka.

Matokeo mpe mama mwenyewe, kando, jioni anapomchukua mtoto. Usitaje jina la ugonjwa; sema ulichokiona na mahali pa kwenda. Andika kwenye kitabu cha kliniki, nakala ibaki kwako. Baada ya wiki 2 rudi uangalie kama kuna maandishi mapya humo. Yasipokuwepo, muulize siku gani hana kibarua, maana anayeuza soko la Kongowea asubuhi akienda kliniki amepoteza mauzo ya siku. Mpangie siku hiyo pamoja na mhudumu wa afya wa mtaa wake, amsindikize.